Mwano Usioitikiwa

Siku ninayoikumbuka kuliko hata siku ya ndoa yangu, mwanangu, ilikuwa ya kiangazi, jua la mchana, nami nimebeba bakuli la michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, nampelekea mdogo wangu Mabula kwenye duara lake, shimo la kuchimbia dhahabu. Nilikuwa msichana bado, sijaolewa. Siku hiyo nilipiga mwano kwa mara ya kwanza maishani mwangu, na tangu hapo sijapiga tena. Nitakueleza ilivyokuwa, lakini kwanza niache nikulaumu kidogo, maana nimekuja na uchungu na sipendi kurudi nao nyumbani.

Juzi mlitualika wazee kwenye mkutano wenu wa vijana pale shuleni. Mkatukalisha viti vya mbele, mkatupa soda, mkasoma karatasi zenu juu ya utamaduni, amani, umaskini na lugha. Kijana mmoja mwenye tai akasema mila zimepitwa na wakati, tuziache ziende zake. Binti mmoja akamjibu kwamba mwacha asili ni mtumwa, turudi kwa mababu. Wote wawili mkawapigia makofi yale yale! Kisha mkauliza kama wazee tuna la kuongeza. Wenzangu wakasema hawana. Mimi nilikuwa nalo, ila muziki ulikuwa umeshafunguliwa na nyie mmeshasimama kucheza. Basi lipokee leo, na ukae chini, si fupi.

Kwetu Usukumani mwano ni yowe la kuomba msaada. Ng'ombe wakiibwa, nyumba ikishika moto, fisi akiingia zizini, unapiga yowe mpaka sauti ikauke. Anayelisikia analipokeza kwa jirani, kisha anaacha alichoshika na kukimbia kuja, na fimbo au na jembe. Hakuna kuuliza kwanza ni nani au kuna nini. Asiyekuja anatengwa: hapewi moto, hasalimiwi, akifiwa anazika peke yake, mpaka achinje ng'ombe, wazee wamle, ndipo wamsamehe. Ni sheria kali, sikatai, lakini ndiyo iliyotulea. Maskini hana mlinzi wala ukuta. Ana jirani mwenye miguu, basi.

Mabula alikuwa kijana wa mdomo mrefu, Mungu amrehemu. Pamba ilikuwa imetuangusha misimu miwili mfululizo, baba yetu mgonjwa, ng'ombe tumeshauza wote, naye akaenda kuchimba dhahabu ng'ambo ya korongo, kwenye ngitili yetu, yale malisho tuliyokuwa tukiyafungia mifugo hadi kiangazi kikali. Mama alilia kuona majani yanafukuliwa. Mabula akamwambia, "Mama, ng'ombe wa kuyala hayo majani yako wapi?" Ndivyo umaskini ulivyo, mwanangu, unakufanya uuze kesho ili leo ipite.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo jambo lenyewe lilipoanzia, kabla ya siku ile ya michembe.

Palikuwa na mjane kijijini kwetu, Bibi Holo. Hakuwa na mtoto wa kiume, na binti yake wa pekee alikuwa ameolewa Tinde. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi, maana kuni zilikuwa zimekwisha kwetu, tukipikia samadi ya ng'ombe na vijiti vya pamba. Usinitazame hivyo. Yangu nayo yameanza kuwa mekundu, na siku hizi naona wajukuu wa majirani wakipita mlangoni kwangu wanaongeza mwendo. Nani amewafundisha, sijui. Najua si wao waliojifundisha.

Mtoto wa jirani yake alikufa kwa homa. Mganga akasema amerogwa na mwenye macho mekundu, na Mzee Kashinje, mkubwa wa wazee wetu, akaamuru mwano upigwe. Vijana wakaacha walichokuwa wakifanya wakakimbia, na Mabula alikuwa wa kwanza kufika, akidhani ni wezi wa ng'ombe. Akakuta wazee wetu wa heshima wamesimama uani kwa Bibi Holo na kiberiti mkononi.

"Babu, mwizi yuko wapi?" akauliza, huku akihema.

"Ndiye huyo ndani," Mzee Kashinje akamjibu. "Anaiba roho za watoto."

Mabula akatupa fimbo yake chini. "Mmetukimbiza kuja kumchoma bibi aliyetuogesha tukiwa watoto? Basi mwano wenu mimi siuitikii tena. Na yeyote aliye mwenzangu asiuitikie!"

Vijana wote wakatupa fimbo zao wakamfuata. Wazee walipobaki peke yao walikosa nguvu ya kuchoma mtu. Wakaishia kuvunja mlango na kumfukuza yule mama. Akaenda kuishi kwenye kibanda chake cha shambani, ng'ambo ya korongo, hana wa kumsalimu. Penye wazee haliharibiki neno, husema Waswahili. Kwetu liliharibika wazee wakiwa wamesimama pale pale, na wao ndio walioliharibu.

Tulimsifu sana Mabula. Alikuwa amekataa ubaya, nani asingemsifu? Vijana wakashika neno lake kama kiapo, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri mbele.

Sasa turudi kwenye bakuli langu la michembe. Nilipofika, rafiki yake Shija alikuwa juu anavuta kamba, na Mabula yuko chini kabisa ananitania kwa sauti, kwamba michembe ya dada yake ni migumu kuliko mwamba anaoupasua. Nikacheka. Kabla sijamjibu nikasikia mshindo mdogo tu, kama gunia linalotuliwa chini. Ardhi ikazama. Vumbi lilipotulia, hapakuwa na duara wala sauti ya mdogo wangu.

"Dada Minza, piga mwano!" Shija akapiga kelele. "Mimi nawakimbilia wenzetu kwenye karasha!"

Karasha ilikuwa mbali kidogo, kando ya barabara, ndiko vijana wengi walikosagia mawe yao, na mwendo wake ni wa kuzunguka korongo lote. Lakini sauti haizunguki korongo. Nikapiga mwano mpaka nikasikia ladha ya damu kooni. Nikasikiliza. Mashine ilikuwa imezimwa, watu wanakula, na najua walinisikia, kwa sababu baadaye waliniambia wenyewe, mmoja mmoja, wakilia. Mmoja wao alisema, "Wazee wanatuita tena. Safari hii wanamchoma nani?" Wakacheka. Walikuwapo pale wageni, wachimbaji wa makabila mengine wasiojua Kisukuma, nao wakauliza lile yowe lina maana gani. Watoto wetu wakawajibu, "Achaneni nalo, ni ushamba wa huku." Waliona haya kuitafsiri lugha ya mama zao mbele ya wageni. Mgeni angeambiwa kwamba mtu anaomba msaada, angekuja. Hakuambiwa.

Na kijijini wazee nao walisikia. Wakasema ni vijana wanagombania mawe, wamalizane wenyewe, si walisema hawatuhitaji?

Nilianza kuchimba kwa mikono. Nikageuka, nikamwona mtu mmoja anakuja mbio mbio za kizee, jembe begani. Alikuwa Bibi Holo.

"Ng'wana wane, mwanangu, nani yumo?" akaniuliza.

"Mabula."

Alipiga magoti akachimba, na mimi nikachimba, mtu na jembe bovu na mtu na kucha zake. Baadaye sana nilimuuliza kwa nini alikuja, naye alivyofukuzwa vile. Akaniambia, "Nilidhani wananifuata tena. Nikasema kama ni mimi wanayemtaka, watanikuta njiani. Na kama si mimi, basi kuna mtu ana shida." Hebu lirudie hilo neno moyoni mwako, mwanangu. Alikimbilia yowe ambalo lingeweza kuwa la kifo chake.

Shija alipofika kwenye karasha na kutamka jina la Mabula, wote waliruka. Walikuja wakilia, wakachimba kama wendawazimu, wageni kwa wenyeji. Tukamtoa. Mwili wake ulikuwa bado na joto. Joto hilo ndilo linaloninyima usingizi hadi uzee huu, kwa sababu maana yake ni kwamba tulikuwa karibu.

Msibani Mzee Kashinje akasimama. Akasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na kwamba vijana wote wasioitikia mwano wametengwa mpaka walete ng'ombe dume. Shija akainuka, macho yamemvimba, akasema, "Shikamoo babu. Sisi hatukuukataa mwano. Tuliukataa ule mliotuitia kumuua bibi. Ninyi ndio mliotufundisha kukaa tusiitikie." Wazee wakanung'unika, vijana wakapaza sauti, na kaburi la mdogo wangu likiwa halijafukiwa. Baba yangu alikuwa ameegemea ukuta, hana hata nguvu ya kuwanyamazisha.

Ndipo Bibi Holo, aliyekuwa amekaa peke yake kule mwisho, akasema bila kuinuka. Sauti yake haikuwa kubwa, ila watu walinyamaza kwa mshangao, maana hawakutegemea angefungua kinywa.

"Ninyi wazee mlitia sumu kisimani," akasema. "Na ninyi vijana mlipojua kina sumu, mkakifukia mkaenda zenu. Hakuna aliyebaki kukisafisha. Sasa mtoto amekufa kwa kiu, mnagombana nani mkubwa. Mabula alinitetea, nilimsikia nikiwa ndani. Lakini baada ya kusema aliondoka, na mlango wangu ukavunjwa akiwa ameshaondoka. Nilimpenda, ndiyo maana namsema. Zikeni mtoto."

Tukazika. Unadhani waliguswa? Vijana walileta yule dume. Wazee wakamchinja, wakamla, wakajipangusa midomo wakasema amani imerudi kijijini. Bibi Holo akachukuliwa na binti yake hadi Tinde, na alipofariki hakuna aliyetoka kwetu kwenda kumzika isipokuwa mimi na Shija. Mzee Kashinje alikufa akiwa na heshima zake zote. Sikumlilia, na Mungu ananijua.

Hiyo ndiyo amani mnayoisoma kwenye karatasi zenu? Mtu akinyamaza mnasema kuna amani. Kaburi nalo limenyamaza.

Basi, mwanangu, nasaha zangu ni hizi, na sitazipamba. Mwambie yule mwenye tai: mila si nguo ya kuvua kwa sababu imeingia doa. Ukiitupa yote leo kwa kosa la wazee, kesho utajikuta kwenye shida na hakuna sheria inayomlazimisha jirani kuja. Na yule binti wa kurudi kwa mababu mwambie: uliza kwanza ni babu yupi. Kwangu mimi wapo wawili, aliyeshika kiberiti na aliyeniachia sheria ya kukimbilia mwenye shida, na wote walivaa kofia moja ya uzee. Chagua kwa macho yaliyo wazi.

Ukisikia mwano, kimbia kwanza, ukaulize ukifika. Ukikuta umeitiwa ubaya, usitupe fimbo ukaenda nyumbani kusifiwa. Baki. Simama mlangoni kwa yule anayeonewa mpaka wenye kiberiti wachoke. Hasira hasara, hata hasira ya haki, kama inakuondoa pale unapohitajika.

Na lugha yako usiionee haya mbele ya mgeni. Sema Kiswahili, kisome, kikulishe, ni chetu sote. Lakini mgeni akikuuliza mama yako analia nini, mwambie ukweli, umtafsirie neno kwa neno. Wajukuu wangu hawajui Kisukuma. Siku nikiugua nikapoteza Kiswahili changu cha kujifunza ukubwani, sijui nani ataniletea maji.

Na umaskini, mwanangu, usikudanganye kwamba kila mtu achimbe duara lake. Mkono mmoja haulei mwana, na haumfukui mtu chini ya ardhi.

Nimemaliza. Bado nina uchungu, ila huu haukuhusu wewe. Mungu akulinde kazini, akupe wazee wa kuwauliza na ujasiri wa kuwakatalia, akufikishe kwenye uzee bila mtu kukuogopa macho. Na siku utakapopiga yowe, maana kila mtu ana siku yake, Mungu akujalie watu wa kuja, na wafike mapema.