Nilimwita baba wa mtoto, akaja amevaa kitenge

Leo nimemwita baba wa mtoto apimwe damu, akaja bibi wa miaka sabini.

Mtoto ana selimundu. Mimi ni karani, naingiza misimbo kwenye kompyuta ya kliniki: jeni gani, kromosomu ya ngapi, imetoka kwa mzazi yupi. Jana nilimfokea mama yake: "Baba aje, asijifiche machimboni."

"Shikamoo bibi. Baba yuko wapi?"

"Ni mimi. Mama yake nimemuoa mimi kimila, kwa ng'ombe wangu, anizalie watoto. Huyo wa machimboni alinisaidia tu kumpa mimba."

Kompyuta ikagoma. Baba wa kike haimjui.

Nikaanza kumfundisha jeni, kisomi kabisa.

Akaniuliza, "Na wewe ni wa nani?"



Baba yangu ni Bibi Robhi wa Gorong'a, aliyemtolea mama yangu ng'ombe.

Haya, nichekeni.