Izigo Sifuri Sifuri

Siku moja naikumbuka kuliko zote, mwanangu. Baba alikuwa ameishia vitani, mama amechukuliwa na Ukimwi, ule ugonjwa tuliouita Juliana, nimebaki na dada yangu Koku, naye anaumwa ugonjwa huohuo kijijini Izigo. Mimi, darasa la saba tu, nilikuwa nimepata kazi mjini, Bilele, ofisi ya mradi wa wagonjwa. Bosi wetu Rwegasira akanifundisha kuandika skripti, yaani faili la amri ambazo kompyuta inazifuata yenyewe.

Nikaandika ya kugawa dawa: wagonjwa wa kijiji, gawanya kwa thelathini, maana boksi moja lilitosha watu thelathini kwa mwezi. Nikaongeza amri ya kupanga namba tarakimu mbilimbili, safu zinyooke. Ngenge 02. Izigo 00. Ilipendeza, acha tu! Rwegasira akasaini orodha bila kusoma. Gari la dawa likapita Izigo bila kusimama.

Wiki ya tatu akaja Ta Kagaruki, mzee aliyegawa dawa Izigo.

"Waitu, jamani, tumewakosea nini?"

"Mzee, kompyuta haikosei."

"Wagonjwa ishirini na wanane, kwa thelathini?"

Nikaangalia. "Inasema sifuri."

"Mkungu ukipungua ndizi mbili, utasema mgomba haukuzaa? Na Koku wako yumo humo, kifua kimembana. Sifuri mmeipamba kweli, mkaiongezea na pacha!"

Hesabu ya skripti ile, mwanangu, ni ya namba nzima tu. Kinachobaki inakitupa, wala haikuambii. Boksi nililipeleka mwenyewe. Koku alikunywa siku nne, ya tano tukamzika.

Wa kulaumiwa nawataja: Rwegasira aliyesaini, na mimi niliyependa safu nyoofu. Yeye alipandishwa cheo akahama. Mimi nimebaki na hamu ya kumsikia dada akinitukana kwa Kihaya kwamba sijui kumenya ndizi. Hadi leo nikimenya natega sikio, labda ataita.

Haraka haraka haina baraka. Kabla ya kugawanya kwa thelathini, ongeza ishirini na tisa kwenye idadi ya wagonjwa. Hapo hata kijiji chenye mgonjwa mmoja kinapata boksi. Jaribu kwa namba ndogo kabisa, uone kama kuna mtu anapotea. Kupamba namba kuje mwisho. Na ukikuta sifuri, uliza ni akina nani hao.

Mungu akupe mikono isiyomwacha mtu nje, na ndugu wa kukugombeza mpaka uzeeni.