Bao Langu la Mavumbini

Bibi yangu alikuwa akisiriba baraza kwa udongo mbichi, na harufu ile naipenda mpaka leo. Mvua imenyesha hapa Kasulu, harufu imerudi. Ndani wajukuu zangu wawili wanabishana kuhusu magemu.

"Hilo kompyuta lako la kuungaunga! Pleisteshoni ndiyo gemu."

Mimi niko upande wa huyo mwenye la kuungaunga, ingawa kompyuta hata kuiwasha sijui. Maana utotoni binamu yangu aliletewa bao la kuchonga.

"Usiguse! Wewe kacheze mavumbini na kuku."

Nikachimba mashimo ya bao langu mlangoni kwao, makusudi. Watoto wote wakahamia kwangu. Akabaki na ubao wake, analia.

"Ndugu yangu, njoo basi, uanze wewe," akaniomba, akinisogezea ubao wake.

Nikapangusa magoti, nikaondoka. Kwao sijakanyaga tena.