Mpiganaji wa Ukurasa wa Kati

Mimi ni mtu wa nyumbani. Mke wangu husema hata kivuli changu hakina nauli. Yeye anauza omena, wale dagaa wa ziwani, soko la Migori. Mimi nafuga kuku, napika, na kila wiki nasoma jarida la habari analoniletea nisije nikasahau dunia ipo.

Nilifika kidato cha nne, nikatoka na ugonjwa wa kusahihisha. Jarida nalisoma na kalamu nyekundu mkononi. Uchaguzi ulipokaribia nikaanza kuona mambo. Wakubwa wa upande mmoja "walieleza", wa upande wa pili "walidai". Hawa wakikaa pamoja ni mashauriano, wale wakikaa pamoja ni njama. Lakini bei za sokoni, majina ya vijiji, yote sawa sawa. Hapo ndipo nilipoogopa. Mwongo mzembe hukamatwa mapema. Huyu hakuwa mzembe.

Wiki ile habari kubwa ilikuwa wizi wa ng'ombe karibu na Ogwedhi. Ukurasa wa kati ulijaa picha: wanaume vifua wazi, mikuki juu, ng'ombe wakikimbia kwenye vumbi. Chini yake: "Vijana wenye mikuki, ukanda wa ziwa." Na kule kushoto, jicho moja limefumbwa kwa vumbi, ni mimi.

Ilikuwa mazishi ya mjomba wangu, Homa Bay. Tulikuwa kwenye tero buru, zile mbio za kukimbiza ng'ombe ili kufukuza mauti kutoka boma la marehemu. Wenzangu walibeba mikuki. Mimi nilipewa tawi, baada ya kujikwaa na mkuki wangu na karibu nimchome shemeji.

Nikatafuta uongo kwenye maneno yale ya chini. Vijana? Tuseme. Mikuki? Ilikuwepo. Ukanda wa ziwa? Ndio. Hakuna pa kupiga mstari.

"Mzee, umeenda vitani na majani!" mke wangu akacheka. "Adui alikuwa mbuzi?"

Kicheko chake hakikufika mbali. Jirani yetu, mama wa watoto watatu ambaye kwao ni Ogwedhi, alikuwa nje anafunga godoro kwa kamba. Kaka yake alikuwa amesoma jarida lile lile, akamwambia atoke kabla sisi watu wa ziwa hatujaanza.

"Kuanza nini?" nikauliza.

"Shem, si wewe ndio uniambie?"

Nikamwonyesha picha. Akatikisa kichwa. "Hii ni matanga, naijua, nimekaa na nyinyi. Kaka yangu hajakaa na nyinyi."

Nikamsihi ampigie. Nilikuwa na uhakika: habari ikibishaniwa, ushahidi gani unapita wa mtu aliyekuwepo? Akapiga, akaweka spika.

"Kaka, jirani anasema ni mazishi tu. Anajua, hata yeye yumo kwenye picha."

Nikasikia karatasi zikifunuliwa.

"Yupi?"

"Huyu wa tawi."

"Kwa hivyo huyo ndiye anakaa mlango kwa mlango na watoto wako."

"Ni mtu mzuri! Hata nyumbani hatoki."

"Hatoki," kaka akarudia, polepole. "Nyumba gani?"

Dada yake, kwa kunitetea, akamwelekeza vizuri: ile ya mlango wa bluu, mkono wa kulia ukitoka kisimani, mchana kutwa yupo, ukibisha anafungua.

Pikapu aliyotuma kaka ilifika kabla ya chakula cha mchana. Dereva hakusalimu mtu. Aliutazama mlango wetu, akanitazama mimi, akaurudia mlango.

Watoto walipokwisha kupanda, jirani akanivuta kando. "Shem, nendeni Homa Bay kidogo. Leo."

"Mimi? Safari? Utaua watu kwa mshtuko."

Hakucheka. "Kaka amenipigia tena. Ameuliza kama mnalala chumba cha mbele ama cha nyuma."

"Ukamwambia nini?"

"Nimemwambia sijui."

Alijua. Ni yeye aliyetusaidia kuingiza kitanda.