Binti Sultani wa Rutamba

Baba alilima mihogo na korosho Rutamba, na mimi ndiye mtoto wake pekee aliyebaki hai. Kila alipotoka shamba aliita tangu uani: "Binti sultani wangu yuko wapi?" Nilidhani ni neno la nyumbani tu, kama kuitwa kipenzi. Nilipofika darasa la tatu alinipeleka Lindi mjini kwa shangazi, dada yake, nisome shule ya wasichana.

Miaka mitatu baadaye mwalimu wetu, mwanamke wa mjini mwenye sauti nyembamba, alikuwa akituandaa kwa mchezo ambao Bwana DC, yule Mzungu mkuu wa wilaya, angekuja kuutazama. Alituuliza binti mfalme ni nani. Nikanyoosha mkono.

"Ni mtoto anayependwa na baba yake."

Darasa zima likacheka. "Si kupendwa," alisema mwalimu. "Ni damu. Hata baba yake akimchukia, atabaki binti mfalme." Lakini nilisoma vizuri kuliko wenzangu, akanipa nafasi ya binti mfalme. Nikamwomba dereva wa lori ampelekee baba salamu: aje anione.

Baadaye mama wa mwanafunzi mmoja alikuja shuleni. Alizungumza mlangoni bila kushusha sauti.

"Mwalimu, bibi yake huyu alinunuliwa Kilwa. Amefua nguo za nyumbani kwetu. Leo mjukuu avae taji, mwanangu ampigie magoti?"

Mwalimu alinivua taji la karatasi, akamvika binti wa yule mama. "Wewe utakuwa mjakazi," aliniambia. "Ni rahisi, hana maneno ya kusema."

Jioni nilimuuliza shangazi kama ni kweli. Alikuwa akikuna nazi, wala hakuacha. "Mjini hapa kila mwanamke ni binti fulani. Mama yetu hakujua yeye ni binti wa nani. Aliitwa kwa jina la aliyemnunua. Umeshajua, sasa nyamaza."

Siku ya mchezo baba alikuja amevaa kanzu safi, amebeba kikapu cha embe za kumpa mwalimu. Hakuna aliyemwambia kuwa nimevuliwa taji. Akaketi nyuma kabisa, anatabasamu. Nikatokea nimejifunga kaniki, nimeshika beseni, nikapiga magoti nimwoshe binti mfalme miguu. Tulivyofanya mazoezi, alipaswa kunishukuru. Badala yake alilipiga beseni teke, maji yakanirukia usoni.

"Maji ya baridi haya! Hata kuosha miguu bibi yako hakukufundisha?"

Watu waliangua kicheko. Bwana DC, ambaye sidhani kama alielewa, alipiga makofi. Mwalimu alijiziba mdomo kwa ncha ya kanga, mabega yakimtikisika. Nikamtafuta baba kwa macho. Alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu aliyekamatwa na mali ya wizi.

Tulikutana nje.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kachukue nguo zako."

"Baba, mtihani ni wiki ijayo."

"Nimesema kachukue nguo zako."

Kisha akamwendea mwalimu, akampa kile kikapu kwa mikono miwili, akamshukuru kwa kunilea. Mwalimu alizipokea embe, akazibonyeza moja moja kuona kama zimeiva. Hilo liliniuma kuliko yale maji.

Shule sikurudi tena. Mwaka uliofuata baba aliniozesha kwa mpasua mbao wa Rondo, kule milimani, mtu wa rika lake, wa kwanza kuja kuposa bila kuuliza habari za bibi yangu. Asubuhi ya harusi nilimuuliza, "Baba, umenitupa?"

"Nimekuficha," alisema. "Huko juu hakuna anayetujua."

Mwezi haukuisha, mume wangu akanipiga kwa sababu ya chumvi iliyozidi kwenye kisamvu. Nilimtuma jirani aliyekuwa akishuka Rutamba amweleze baba. Jirani aliporudi alisimama mlangoni, hakutaka kukaa. Alisema baba alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza tu kama mvua imenyesha Rondo.