Roboti Haina Mdomo

Mwalimu wa chekechea alikuwa na donge na kaka yake, na donge lenyewe si la jana. Walipokuwa wadogo baba yao alileta kompyuta nyumbani, kuukuu, inanguruma kama mashine ya kusaga. Kaka mtu akapewa kiti. Yeye akapewa kigoda pembeni, na kila likizo amri ya kaka ilikuwa moja: "Kaa hapo, usiguse kitu." Akikohoa tu, anatumwa maji. Kile kiti ndicho kilichompeleka kaka kwenye ofisi yenye viyoyozi, na mpaka leo husimulia kwamba dada yake "hakupenda mambo ya mitambo". Hakupenda! Nani alimuuliza?

Basi dada mtu akajifunza ukubwani, kwa kujibana, akaja darasani na mtindo wake. Kompyuta hazikuwepo, na hata zingekuwepo asingeanza nazo. Alichora miraba kwa chaki sakafuni. Mtoto mmoja anakuwa roboti, mwenzake anampa amri: mbele, kulia, kushoto, simama. Roboti akigonga dawati, hakuna kuzomea. Aliyetoa amri anarudi kutafuta alipokosea. Watoto wa miaka sita walikuwa wanapanga msururu mzima wa amri huku wakicheka.

Nani akaja kumtibulia? Kaka huyohuyo. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya wazazi, maana bintiye alisoma hapo. Akaitisha kikao mlemle darasani, watoto wakiwemo: chaki zifutwe, kila mtoto akodolee macho skrini, na mwalimu wa kompyuta aletwe kutoka nje.

"Huku ni kuchezea watoto wetu," aliwaambia wazazi. "Huyu namjua, ni mdogo wangu. Hana ubaya, ila mambo haya hayawezi."

Hayawezi. Sawa. Mwalimu alitabasamu hadi mashavu yakamuuma, moyoni akisema, leo utanitambua.

"Mwenyekiti, kabla hatujapiga kura, tusaidie kuwa roboti," alisema kwa upole wote. "Sheria ni mbili tu. Roboti haina mdomo, na haisogei bila amri."

Mwenyekiti akajichekesha, akasimama kwenye mraba wa kwanza na tai yake shingoni. Mwalimu akamwita binti wa mwenyekiti mwenyewe atoe amri, amfikishe kwenye kigoda kilichokuwa ukutani. Mtoto akachanganya kushoto na kulia. Goti la baba likagonga dawati, paa!

"Kulia, wewe mtoto, kulia! Huoni?"

"Roboti haina mdomo, kaka," mwalimu akasema.

Wazazi wakaangua kicheko. Lo, kicheko kile kilivyomkolea mwalimu!

Binti akatulia, akahesabu miraba kwa kidole, akaanza upya bila kusaidiwa na mtu. Safari hii alimfikisha baba salama. "Keti," akaamuru, na baba akaketi, magoti yakimfika kidevuni. Makofi yakapigwa. Mwalimu akawatoa watoto wakacheze nje, binti akiwemo, kisha akawageukia wazazi.

"Anayetaka chaki zibaki?"

Mikono ikapanda. Kaka akainuka nusu. "Jamani, mimi kama mwenyekiti..."

Mwalimu aliinama karibu na sikio lake. "Kaa hapo," alimwambia polepole, "usiguse kitu."

Kaka alinywea. Kumbe hakuwa amesahau! Akaketi tena, mikono magotini, vilevile alivyokuwa akimkalisha mwenzake. Chaki zikashinda, wazazi wakaaga mmoja mmoja wakimpita pale ukutani, na hakuna aliyempa hata maji. Unadhani dada yake alimwonea huruma? Thubutu! Alianza kufuta ubao, taratibu, hana haraka.

Binti akachungulia mlangoni. "Shangazi, baba amefanya nini?"

"Leo? Hajafanya kitu. Anasubiri amri."

Mtoto akacheka. "Baba, simama!"

Kaka mtu hakusimama. Alimtazama dada yake. Mwalimu akamaliza kwanza kufuta ubao, akakung'uta chaki mikononi, akaitikia kwa kichwa. Ndipo kaka akainuka.