Jiwe Lenye Kiu

Safari ndefu ilinifikisha juzi kwenye maabara moja ya Hoima. Fundi alidondosha maji juu ya kipande cha mwamba kutoka kisima cha mafuta ghafi, yakazama, na harufu ya jiwe lililolowa ikanirudishia woga wa utotoni kule Kindu.

Baba alikuwa mtaalamu wa miamba, akipima mawe kama hayo. Wakati wa vita aliyaficha chini ya kitanda, hadi mchana mmoja askari akayavuta nje na kumwelekezea bunduki.

"Mzee, dhahabu iko wapi?"

"Hakuna dhahabu, mwanangu. Angalia." Akadondosha maji juu ya jiwe moja. Jiwe likayanywa.

"Papa, iko na kiu!" nikamlilia baba, nikakimbilia kikombe nilinyweshe zaidi.

Askari akacheka, akashusha bunduki.

Sasa najua mafuta hukaa katika vitundu vidogo vya jiwe, vilevile vinavyonyonya maji. Lakini jioni ya siku ile ya askari tulivuka mto Lualaba kukimbia vita, hatukurudi tena, na njia nzima niliwaza nani atayanywesha mawe yetu.